Uzi: Mambo ya usiku wa sinema ambayo hayamo kwenye picha

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Jumamosi usiku tulikwenda shoo ya mwisho kwenye ukumbi mmoja hapa Dar: mimi, mke wangu na dada yake aliyekuja kututembelea kutoka Songea. Picha ilikuwa ya mapigano, ya kawaida tu. Kufika katikati, steringi amefungwa kwenye kiti, adui anamnyemelea kwa nyuma na kisu mkononi. Shemeji akainuka. "Geuka! Geuka wewe, yuko nyuma yako!" Kule mbele jamaa akamjibu, "Amefungwa dada, atageukaje?" Mwingine upande wa kulia akasema kamba ya mkono wa kushoto imelegea, mwangalieni vizuri. Basi ukumbi mzima, watu wasiojuana kabisa, ukawa kikao cha kumwokoa mtu mmoja. Na kweli kamba ilikuwa imelegea! Alipouchomoa ule mkono watu walishangilia kama timu yao imesawazisha dakika ya tisini.

Ndipo akaja kijana wa ukumbi na tochi. Akammulika shemeji usoni, akamwambia akirudia atatolewa nje. Shemeji akakaa, akavuta kanga yake mabegani, hakutoa neno tena mpaka taa zikawashwa. Kwenye bajaji akaniuliza, "Shemeji, kwani nimekosa nini?"

Nimelibeba swali hilo wiki nzima, na jibu langu ni kwamba hakukosa kitu. Hakuwa anaongea na simu. Hakuwa anapiga soga za mtaani. Alikuwa ndani ya ile picha kuliko sisi wote tuliokaa tunatafuna bisi. Wazee wetu walizijaza kumbi za Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, na Amana kule Ilala, na ukiwauliza watakwambia hakuna aliyekaa bubu humo ndani. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo mtu wa Dar, Tanga au Mwanza aliyetaka kuona picha ikitembea alikuwa hana budi kwenda kukaa gizani na wenzake. Namna yetu ya kuangalia picha imezaliwa humo, kwenye umati. Leo tunamwambia mtu anayeangalia hivyo kwamba ni mshamba.

Naomba mlete mambo yenu ya usiku wa sinema. Sitaki hadithi ya picha, hiyo inapatikana popote. Nataka ya pembeni: foleni, viti, taa, hafu taimu, kurudi nyumbani usiku wa manane. Na mwenye kuona shemeji alikosea aseme, tujibizane kwa heshima.

#2 Mpenda Utulivu

Mkuu, mimi niko upande wa kijana wa tochi, na nitasema kwa nini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Siku nzima masikio yangu yako kwenye mashine ya kukatia chuma. Mara moja moja najitoa, naoga, navaa shati safi, nalipa tiketi ambayo si ndogo kwa kipato changu, naenda kukaa gizani. Pale nataka kusikia. Waliotengeneza picha wameweka kila kitu kwa makusudi: mlango unaofunguka taratibu, mtu anapumua upande wa pili wa ukuta, na wakati mwingine wameacha kimya chenyewe kifanye kazi. Akisimama mtu akapiga kelele, kile kimya kimekwisha, hakirudishiki. Sikulipia maoni ya safu ya mbele.

Na ukimruhusu mmoja anayemwonya steringi, utamzuia vipi yule anayepokea simu? Nimekaa jirani na bwana aliyepokea, akasema "niko sinema, lakini sema tu", akasikiliza habari ya kiwanja chenye mgogoro mwanzo mpaka mwisho. Mimi najua majina ya ndugu wote wanaogombea kile kiwanja. Jina la steringi sikulishika.

Shemeji apewe pole kwa tochi usoni, hilo halikuwa la kiungwana. Lakini kukaa kimya ni heshima kwa aliye jirani yako.

#3 Mkazi wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnabishana kuhusu kelele, sisi huku tuna jambo ambalo wageni hushangaa kila mara: kabla ya picha kuanza, wimbo wa taifa hupigwa na bendera inapepea kwenye skrini, na kila mtu husimama. Desturi hii ni ya tangu ukoloni, wakati huo ukipigwa wimbo wa Waingereza, na baada ya uhuru tukaubadilisha ule wimbo lakini kule kusimama kukabaki.

Sasa fikiria mtu aliyechelewa. Ameingia na bisi mkono mmoja, soda mkono mwingine, tiketi ameibana kwa meno, anatafuta kiti, mara ngoma inaanza. Anaganda pale pale kwenye ngazi. Nimeona msururu wa watu wamesimama hivyo kwenye njia, hakuna anayeweza hata kujikuna.

Lakini usiku ninaotaka kuwasimulia ni huu. Tumesimama, wimbo umefika katikati, umeme ukapotea. Skrini nyeusi, spika kimya, hata taa za mlangoni zikazima. Kwa kawaida umeme ukipotea watu hupiga miluzi na kuwasha simu. Siku hiyo hakuna aliyekaa na hakuna aliyepiga mluzi, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha, na ukikaa kabla haujaisha umefanya nini? Tukasimama tu gizani. Mara sauti ya mama mmoja nyuma kabisa, sauti ya kanisani, ikaendelea pale wimbo ulipokatikia. Aliye karibu naye akaingia. Ndani ya sekunde chache ukumbi mzima ulikuwa unaimba. Ubeti wa kwanza tulioufikisha mwisho haukututosha, tukaingia wa pili, na wa tatu, ambao wengi huwa tunaung'ata katikati, lakini usiku ule ukitoka kwa huyu unapokelewa na yule. Jenereta ilipowaka tulikuwa tunamalizia. Watu walipigiana makofi wenyewe kwa wenyewe, kisha wakakaa.

Picha iliyofuata siikumbuki hata jina. Kwa hiyo niko na mleta mada. Kuna vitu hutokea kwa sababu tuko wengi mahali pamoja, na nyumbani kwenye kochi havitokei.

#4 Binti Vuga

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, sasa naishi Maskati. Huku kumbi ni nzuri sana, baridi mpaka tunabeba shali, viti vinalala nyuma, na watu wametulia. Mpenda Utulivu ungefurahi. Mimi naenda, naona picha, narudi nyumbani, basi.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, na bibi alikuwa mtu wa Majestic, ile ya kwetu Vuga iliyojengwa 1955 baada ya jengo la mwanzo kuungua. Mji ulikuwa na Empire, Sultana na Cine Afrique pia, lakini kwake yeye sinema ilikuwa Majestic. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, ili bibi na wenzake waende bila maneno ya watu. Wanakwenda na mabuibui, ndani wanayateremsha mabegani, na chini ya buibui kila mmoja kavaa nguo yake bora. Mikobani kashata, visheti, karanga za kukaanga. Picha ni ya Kihindi, Kihindi chenyewe hakuna anayekijua sawasawa, ila kila safu ilikuwa na mmoja mwenye jirani Mhindi, huyo ndiye mfasiri. "Anamwambia hatomuoa. Anamwambia mama yake kakataa." Wanawake wakimjibu yule mama kwenye skrini, wakimlaani kabisa! Na nyimbo walizishika humo. Ukisikiliza taarabu nyingi za zamani utakuta maneno yetu yamevaa tuni za picha za Kihindi, na bibi alikuwa ukimwekea taarabu anakwambia picha gani na nani alikaa ubavuni kwake siku hiyo.

Alilopenda kusimulia ni la kutoka. Picha ilikuwa ya mama aliyepoteza mtoto, na wanawake wote ukumbini walilia, kilio cha sauti. Watu waliokuwa hawajapatapo kusalimiana walishikana mikono. Kuna mmoja akakumbuka mtoto wake mwenyewe aliyefariki, na wale wa pembeni yake wakaacha kuangalia picha, wakamshughulikia yeye, mwengine akatoka kumtafutia maji. Walipotoka nje macho mekundu, leso mkononi, wanaume waliokuwa wakisubiri wakawasogelea kwa adabu wakauliza, "Msiba wa nani?" Mmoja katika wao, aliyekuwa amekuja kumchukua mkewe, alianza kutoa rambirambi.

Bibi alisema yeye na yule mama aliyefiwa wakawa marafiki tangu siku hiyo mpaka uzeeni. Walijuana gizani, kwa kulia.

Majestic paa liliporomoka, na wapenzi wa Mji Mkongwe wamekuwa wakilipigania lirudi. Nikienda nyumbani wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, naona picha Ngome Kongwe, chini ya nyota, juu ya ngazi za mawe. Mwaka mmoja ilifika sehemu ya picha yenye kimya kirefu, mzee peke yake chumbani, na hapo hapo adhana ya Isha ikapanda kutoka msikiti wa karibu. Wageni walidhani imo kwenye picha. Hakuna mtengenezaji ambaye angeipanga vizuri vile.

#5 Mleta mada

Dada Binti Vuga, nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani, shemeji kaguna tu, kisha akasema "umeona?"

Mpenda Utulivu, hoja yako ya kimya naiheshimu na bado naitafakari. Ya simu tuko pamoja moja kwa moja.

#6 Opareta Mstaafu

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye kanionyesha mjadala huu na ndiye anayeniandikia.

Nilikuwa opareta wa projekta kwenye mji wa pwani, jumba silitaji kwa sababu warithi wake wapo. Kazi yangu ilikuwa kile chumba kidogo juu nyuma yenu, chenye vidirisha viwili vya kurushia picha na kimoja cha kuchungulia. Nawaambieni tulivyokuwa tunafanya, maana naona picha siku hizi inakuja ndani ya kisanduku na mtu anabonyeza tu.

Picha ilikuja kwenye makopo ya bati. Mkanda wa milimita 35, unapita picha 24 kwa sekunde, rili moja ya futi 2,000 inakwenda kama dakika 20. Picha ya Kihindi ya saa tatu na zaidi ni rili kama kumi. Kwa hiyo projekta zilikuwa mbili. Ya kwanza inaonyesha, ya pili umeshaivika rili inayofuata, umesimama unangoja. Tazameni picha za zamani, kona ya juu kulia kuna doa la duara linatokea mara moja na kupotea. Lile lilikuwa letu sisi. Doa la kwanza, unawasha mota. Sekunde kama nane, doa la pili, unafungua hii unafunga ile. Ukifanya vizuri mtazamaji hajui kwamba kuna mtu yupo. Miaka yote ile sifa yangu ilikuwa kutojulikana kwamba nipo, na nilijivunia.

Taa ilikuwa ya makaa, vijiti viwili vinakaribiana na kutoa mwanga mkali wa kuumiza macho, na lazima uvisogeze vinavyokwisha. Ukisahau, ukumbi unafifia. Hapo ndipo miluzi.

Sasa mnabishana kuhusu kelele. Mimi kule juu mashine inanguruma, maneno ya picha siyasikii vizuri. Nilikuwa naijua picha kwa kelele zenu. Nikisikia "aaah" ya pamoja, najua sura imekuwa na ukungu, narekebisha lenzi. Nikisikia kicheko mahali pasipo na kicheko, najua mkanda umeruka jino. Nikisikia kimya cha ghafla, ukumbi mzima, watu mia kadhaa hawapumui, najua rili ya mwisho imeshika. Bwana Mpenda Utulivu, kimya hicho unachokitaka nimekisikia mara nyingi, na kilitoka kwa watu wale wale waliokuwa wakipiga kelele dakika tano nyuma. Hakuna aliyewamulika tochi. Kuna kelele inayotoka kwenye picha, na kuna kelele inayotoka nje ya picha. Ya simu ni ya nje. Ya shemeji yake huyu mleta mada ilikuwa ya ndani.

Vituko niliona vingi. Tulipoonyesha Sholay, ile ya 1975, Amitabh anakufa karibu na mwisho. Sasa kanuni ya watu wetu mnaijua: steringi hafi. Baada ya shoo vijana wakapanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, wamekasirika kweli, wanadai nimekata kipande alichozinduka. Wakataka nifungue makopo waone. Nikawafungulia. Nikawaonyesha ule mkanda kwenye taa, picha moja moja, pale anapofia. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama hicho kipande kinaweza kuwa kimebaki Bombay. Wakaenda wakakaa barazani wakabishana mpaka wakafikia uamuzi kwamba steringi alikuwa Dharmendra tangu mwanzo. Wakalala salama.

Jambo jingine ni la kugawana picha. Nakala ilikuwa moja, kumbi mbili, na zote zinataka usiku huo huo. Ukumbi wa kwanza unaanza saa 3, sisi tunaanza saa 3 na nusu. Wao wakimaliza rili ya kwanza wanaizungusha kuirudisha mwanzo, kijana anaifunga nyuma ya baiskeli, anakanyaga mpaka kwetu. Akirudi anachukua ya pili. Usiku kucha hivyo, na hiyo nusu saa ndiyo nafasi yote tuliyokuwa nayo. Usiku mmoja wa Idi pili, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, rili ya tano imebakiza dakika chache na ya sita haijafika.

Mjukuu anataka kulala. Nitamalizia.

#7 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo sana. Haiwezekani utuache na rili ya sita barabarani! Mwamshe mjukuu.

#8 Mtoto wa Kibanda Umiza

Wakati tunamsubiri mzee, niwakilishe sisi ambao hatukuzikuta kumbi. Zilipokufa, sisi tulizaliwa kwenye mabanda. Benchi za mbao bila mgongo, televisheni moja na deki juu ya kabati, mapazia ya magunia meusi, joto. Ndiyo maana pakaitwa kibanda umiza, ukitoka unajinyoosha mgongo.

Kule sauti ya picha haikuwa peke yake hata siku moja. Marehemu Lufufu ndiye aliyetufundisha picha wengi wetu Tanzania, anazungumza juu yake, anakuambia nani ni nani, anakuonya, anakufunza. Wakenya wana DJ Afro. Uganda wana watu wao, akina VJ Jingo. Kwa hiyo mimi nikisikia watu wanasema kuongea juu ya picha ni kuiharibu, nakumbuka kwamba bila mtu wa kuongea juu yake mama yangu asingeelewa picha hata moja.

Usiku wangu ni wa masika. Mvua ikaanza tukiwa katikati, na paa ni bati tupu. Wote mnajua mvua ya masika kwenye bati, hata ukipayuka aliye jirani yako hakusikii. Sauti ya televisheni ikapotea kabisa. Kutoka hatuwezi, nje ni mto. Mwenye banda alikuwa na mtoto wa kike, darasa la tano hivi, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya hela mlangoni na alikuwa ameiona kila kaseti mara nyingi kuliko mtu yeyote mtaani. Akapanda juu ya kreti la soda karibu na skrini. Akaanza kuigiza. Hatukuwa tunasikia maneno yake yote, kwa hiyo alifanya kwa mikono, kwa macho, kwa mwili mzima: huyu anamdanganya yule, huyu anajua, yule hajui. Wakati wa mapigano akapigana na hewa. Tulisogea mbele mpaka magoti yetu yakawa yanagusa lile kreti. Mvua ilipokatika na sauti ikarudi, wazee kadhaa wakamwambia mwenye banda apunguze sauti, mtoto aendelee.

Akaendelea mpaka mwisho. Watu walimchangia hela palepale, baba yake akazipokea, na mama mmoja akazidai kutoka kwa baba akazirudisha mkononi mwa mtoto.

#9 Mpenda Utulivu

Nimesoma yote. Mzee opareta umenigusa uliposema kimya kilitoka kwa watu wale wale. Hilo sikuwahi kuliwaza. Labda kinachonisumbua si watu kuongea na picha, ni watu kuwa pale huku hawapo. Yule bwana wa kiwanja hakuwa ukumbini, alikuwa kwenye kiwanja chake.

Lakini bado nasema iwepo shoo kwa ajili yetu tunaotaka kusikia mlango ukifunguka. Kama zamani kulikuwa na shoo ya wanawake, kwa nini isiwe na shoo ya kimya? Jumatatu usiku, wakati kumbi ziko tupu. Mwenye ukumbi asiyejaza viti hana cha kupoteza.

#10 Mkazi wa Ngara

Shoo ya kimya Jumatatu, shoo ya shemeji Jumamosi. Mimi nitalipa zote mbili.

Kumbi zetu nyingi za zamani huku ziligeuzwa makanisa, na sikuwahi kushangaa. Viti vimeshafungwa sakafuni, jukwaa lipo, sauti inasikika mpaka nyuma, na watu walikuwa tayari wamezoea kuitikia.

Na Drive-in tusizisahau. Sisi Fox ya Thika Road, nyinyi ile ya Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Spika unaitundika kwenye kioo cha gari kwa waya. Baba yangu anasema kila wiki kulikuwa na mtu aliyeondoka amesahau kuitoa, waya unakatika, spika inaning'inia mlangoni mpaka nyumbani. Na waliokuwa hawana gari walikaa nje ya uzio, wanaona midomo inatembea bila sauti. Kila mmoja alijitungia maneno yake, kesho yake shuleni kila mtoto ana hadithi tofauti ya picha ile ile.

#11 Opareta Mstaafu

Haya, tumeamka.

Rili ya tano ikaisha. Nikawasha taa za ukumbi, nikaweka slaidi za matangazo, ya sabuni na ya duka la nguo. Zikaisha. Nikaweka trela. Nikairudia trela. Miluzi ikaanza, mara miguu inapiga sakafu, jengo linatetemeka. Meneja kapanda juu, jasho linamtoka, ananiuliza nifanye nini, mimi namwambia rili sina. Akashuka akasimama mbele ya skrini kuomba radhi, hakusikika.

Akainuka bwana mmoja, mchukuzi wa bandarini, mkubwa wa mwili. Alikuwa ameiona picha usiku wa jana kule ukumbi wa kwanza. Akasema, "Tulieni niwaambie kilichomo." Nusu ya ukumbi wakamtaka aseme, nusu wakaziba masikio wanapiga kelele asiseme. Ikawa vurugu mpya juu ya ile ya zamani.

Katikati ya hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Kijana wetu kaingia na kopo mkononi, na nyuma yake askari polisi kashika baiskeli kwa usukani. Ukumbi ukanyamaza wote. Kumbe alikuwa amesimamishwa njiani kwa kuendesha usiku bila taa, na enzi hizo lilikuwa kosa kweli, unapelekwa kituoni. Kijana kamlilia, afande, watu wananisubiri, nina rili ya sita. Askari akamuuliza picha gani. Akamtajia. Askari akamuuliza, ya sita ndiyo ile wanayokutana ndugu wawili? Akajibu ndiyo. Basi askari akamwambia hapandi tena baiskeli isiyo na taa, ila twende, na wakaja mbio kwa miguu, wote wawili, baiskeli inakokotwa.

Watu walimpigia askari makofi kuliko walivyowahi kumpigia steringi yeyote. Alisimama nyuma, kofia kwapani, akaangalia mpaka ndugu wakakutana. Pale wanapokutana sauti yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kesho yake meneja akanunua taa ya dinamo, tukaifunga kwenye ile baiskeli.

#12 Mpenda Utulivu

Mzee, na ya saba? Kama kijana alikuwa kwenu na baiskeli imekatazwa, nani aliifuata?

#13 Opareta Mstaafu

Mchukuzi wa bandarini. Alikuwa ameshaiona picha, akasema yeye hana haraka. Akaenda kwa miguu na kurudi, kopo begani. Ya sita ilikuwa imebakiza kama dakika mbili alipofika.